Rodi zilizolowa katika mji mkavu: uchambuzi wa kisa cha pleti za kitako zilizopasuka Dodoma

Karakana moja ya vyuma iliyoko Kizota, Dodoma, ilipewa kazi ya kutengeneza minara miwili ya kubebea matenki ya maji kwa ajili ya vijiji vya wilaya ya Chamwino. Kila mnara ulikuwa na nguzo nne, na kila nguzo ilisimama juu ya pleti ya kitako yenye unene wa milimita 25, ikiwa imeshikiliwa na mbavu nne za milimita 16. Mnara wa kwanza ulichomelewa mwezi Septemba, ukakaguliwa, ukasimamishwa, na hadi leo hauna kasoro. Mnara wa pili ulichomelewa mwezi Februari kwa michoro ileile, na huo ndio ulionifanya niitwe kama mkaguzi.

Pleti zote nne za mnara wa pili zilichomelewa siku ya Alhamisi. Jioni ya siku hiyo slagi, yaani gamba linalofunika mshono, iligongwa, mishono ikasuguliwa na kukaguliwa kwa macho, na hapakuwa na aliyeona kasoro yoyote: mishono ilikuwa imelala vizuri, kingo zake hazikuliwa, na matundu hayakuonekana. Jumatatu asubuhi, kijana aliyekuwa akipiga brashi ya waya kabla ya kupaka rangi ya kuzuia kutu aliona mstari mwembamba kama unywele ukifuata ukingo wa mshono, upande wa pleti nene. Alidhani ni alama ya brashi. Alipopitisha kitambaa chenye mafuta ya taa na kukifuta, mstari ulibaki, na baada ya dakika chache mafuta yakaanza kujitokeza tena humo. Tulipopima kwa dawa nyekundu ya kupenya siku iliyofuata, pleti tatu kati ya nne zilionyesha nyufa, zote kwenye ukingo wa mshono au milimita chache nje yake, na nyingi zikiwa mahali ambapo ubavu unakutana na nguzo. Pleti ya nne ilikuwa safi kabisa.

Mwenye karakana alikuwa amekwisha toa hukumu kabla sijafika. Kwake yeye, chuma kilichonunuliwa kilikuwa kibovu, na muuzaji alipaswa kukilipia. Fundi mkuu, mzee aliyekuwa akichomelea tangu kabla vijana wengine wa pale hawajazaliwa, hakusema mengi, ila alitikisa kichwa kila chuma kilipolaumiwa. Mtunza stoo ndiye aliyekuwa na jibu la haraka nilipouliza habari za rodi, yaani vijiti vya kuchomelea. “Mkaguzi,” aliniambia, “katika Dodoma hii blanketi lililofuliwa hukauka kabla ya adhuhuri. Rodi zitalowaje?” Sikumcheka, kwa sababu hoja yake ina nguvu kuliko inavyoonekana. Dodoma ni nyanda kavu, iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, na kati ya Juni na Oktoba mvua ni nadra sana. Mtu aliyezoea kuchomelea hapa anaweza kufanya kazi miezi mingi bila kuadhibiwa kwa uzembe ambao Tanga au Dar es Salaam ungemgharimu ndani ya wiki moja. Tatizo ni kwamba mvua zetu, ingawa ni chache, hujazana katika miezi michache kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na rodi haziulizi wastani wa mwaka. Zinaonja hewa ya usiku zilipolala.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuutambua ufa wenyewe, kwa sababu nyufa hazifanani na kila moja ina asili yake. Ufa unaotokea chuma kingali cha moto hukaa katikati ya mshono na huonekana mara tu slagi inapoondolewa. Huu wetu ulikuwa pembeni, ndani ya ukanda wa chuma mama, yaani pleti yenyewe, uliopashwa joto na mshono, na jioni ya Alhamisi haukuwapo, au ulikuwa bado haujafika juu. Pleti pia inaweza kuchanika katika matabaka yake ikivutwa kwa unene wake, lakini mchaniko wa namna hiyo huenda kwa ngazi ngazi sambamba na uso wa pleti. Tulipousaga ufa mmoja taratibu kwa grinda, tukipima kwa dawa kila baada ya milimita moja, ulishuka kwa mshazari kutoka ukingo wa mshono kwenda ndani ya pleti, na ukaisha kwenye kina cha milimita nne hivi. Ufa unaochelewa, unaotokea kwenye chuma kilichokwisha poa, kando ya mshono na mahali penye mkazo mkubwa, una jina moja tu katika kazi hii: ni ufa wa haidrojeni.

Ufa wa namna hiyo huhitaji mambo matatu yakutane: haidrojeni ndani ya chuma, ukanda uliogeuka mgumu kwa kupoa haraka, na mkazo wa kuvutana. Moja likikosekana, ufa haupatikani. Mkazo ulikuwapo bila shaka, kwa kuwa mbavu nne zilizoizunguka nguzo huizuia pleti isicheze. Ugumu nao ulikuwapo kwa kiasi, kwa sababu pleti ya milimita 25 hunyonya joto la mshono kwa kasi, na chuma chenyewe kilikuwa cha daraja la S355, ambacho kina manganizi ya kutosha kukifanya kiwe kigumu kikipozwa ghafla. Cheti chake kilionyesha kaboni linganifu (kipimo cha jinsi chuma kinavyoweza kugeuka kigumu kikipoa) ya 0.43, chini ya kikomo cha 0.45 kilichowekwa kwa daraja hilo kwenye unene wa hadi milimita 30. Kwa hiyo chuma hakikuwa kibovu. Zaidi ya hapo, namba ya uyeyushaji iliyogongwa kwenye pleti ilikuwa ileile kwa minara yote miwili: pleti za Septemba na za Februari zilitoka kwenye sufuria moja. Mafundi walikuwa walewale wawili, mashine ileile, na umeme waliotumia kwa rodi za milimita 3.2 ulikuwa ampea 120 hivi, ambao ni wa kawaida kwa rodi hizo. Kilichobaki ni haidrojeni, na katika uchomeleaji wa rodi haidrojeni huingia hasa kwa mlango wa maji.

Rodi zilizotumika zilikuwa za aina ya E7018. Tarakimu mbili za mwanzo zinaeleza kwamba chuma kinachowekwa kitahimili mvutano wa angalau pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, yaani takriban megapaskali 490. Ile 1 inaeleza kwamba rodi inafaa kwa mikao yote ya mshono, uwe wa kulala, wima au juu ya kichwa. Na 8 ikisomwa pamoja na 1 inaeleza ganda lake, yaani koti linalouzunguka waya wa rodi, ambalo ni la chokaa na floridi lenye unga wa chuma, na ambalo sifa yake kuu ni kuwa na haidrojeni kidogo. Hiyo sifa ya mwisho ndiyo watu wanayoinunua na kuisahau. Rodi ya E7018 huzaliwa ikiwa kavu, kwa sababu kiwandani huokwa kwenye joto kali. Haibaki kavu kwa sababu tu jina lake linasema hivyo. Viambato vya ganda lake hushikiliwa pamoja kwa silikati za sodiamu na potasiamu, zile ambazo wengine huziita maji ya kioo, na silikati hizo hupenda maji. Ganda likinyonya mvuke wa hewani, maji yale huingia kwenye mwali wa umeme, hupasuka kuwa haidrojeni na oksijeni, na haidrojeni huyeyuka ndani ya dimbwi la chuma. Chuma cha maji huibeba kwa urahisi. Kikiganda hakiwezi tena kuishika yote. Chembe zake, ambazo ni ndogo mno, hutembea polepole ndani ya chuma kigumu hadi zikakusanyike kwenye ukanda mgumu wenye mkazo, na joto likishuka chini ya takriban nyuzi 150 kazi ya kupasua huanza. Safari hiyo ya chembe ndiyo inayochukua saa nyingi, mara nyingine siku mbili au tatu, na ndiyo sababu ukaguzi wa Alhamisi jioni haukuona kitu.

Nilimwomba mtunza stoo anionyeshe rodi zilikowekwa. Mwezi Septemba zilikuwa kwenye chumba cha matofali kilicho nyuma ya ofisi. Mwezi Novemba chumba hicho kilihitajika kwa mashine mpya ya kukunja bati, na bidhaa zote zikahamishiwa kwenye kontena la futi 40 lililowekwa uani. Hapo ndipo hadithi ilipogeuka, na hapo pia ndipo imani ya kwamba Dodoma ni kavu ilipoweza kupimwa kwa hesabu. Chukua mchana wa Februari wenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa hewa wa asilimia 50, hali ambayo hakuna mtu angeiita mbaya. Hewa hiyo ikifungiwa ndani ya kontena na kupozwa, huanza kuacha umande ikifika nyuzi 18 na kidogo. Usiku wa Februari Dodoma hushuka karibu na kiwango hicho, na mbingu zikiwa wazi bati la paa la kontena hupoteza joto lake kwenda angani na kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Kwa hiyo paa hutoa jasho kwa ndani. Asubuhi jua hulipasha, umande hugeuka mvuke, mvuke huingia popote panapoupokea, na mlango unapofunguliwa hewa mpya yenye unyevu huingia kuchukua nafasi. Mzunguko huo hujirudia kila siku, na maboksi ya rodi yalikuwa yamepangwa moja kwa moja juu ya sakafu, yakiegemea ukuta wa chuma. Boksi la chini kabisa lilikuwa na pembe iliyolegea kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Maboksi hayo yalikuwa ya karatasi ngumu yaliyofungwa kwa nailoni. Wengi hudhani kwamba nailoni hiyo inazuia hewa. Inazuia vumbi, na inazuia matone kwa muda. Mvuke huipitia polepole, na ikitoboka kwenye usafiri haizuii chochote. Vifungashio vinavyozuia hewa kweli ni kopo la bati lililozibwa au paketi ya foili iliyonyonywa hewa, na karakana ilikuwa na kopo moja tu la aina hiyo, lililobaki kutoka kazi nyingine. Nilipouliza lilikokwenda, mzee fundi mkuu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini: alilifungua yeye mwenyewe Alhamisi asubuhi, akachomelea pleti moja, kopo likaisha. Pleti hiyo ndiyo ilikuwa ya nne, ile iliyotoka safi.

Ushahidi huo ungeweza kutosha, lakini kulikuwa na utetezi mmoja ambao nisingeweza kuupuuza. Karakana ilikuwa na oveni. Mtunza stoo alisema, na mafundi wakamuunga mkono, kwamba rodi zote zilitolewa kwenye kontena Jumatano jioni, zikalazwa humo usiku kucha, na kutolewa Alhamisi asubuhi zikiwa za moto kiasi cha kuunguza vidole. Walifanya kwa nia njema, na walistahili kuelezwa kwa nini haikusaidia. Oveni ile ilikuwa ya kutunzia, ambayo joto lake la juu ni nyuzi 120. Kazi yake ni kuifanya rodi iliyo kavu iendelee kuwa kavu. Kanuni ya Marekani ya kuchomelea miundo ya chuma, AWS D1.1, inataka rodi zenye haidrojeni kidogo, zikishatolewa kwenye kopo lililozibwa, zitunzwe kwenye joto lisilopungua nyuzi 120. Lakini kwa kuzikausha upya rodi za E7018 zilizokaa nje kupita muda, kanuni hiyohiyo inataka kati ya nyuzi 260 na 430 kwa saa mbili au zaidi, na watengenezaji wengi huandika nyuzi 350 kwenye boksi. Tofauti hiyo si ya ukali wa watu wa vitabu. Maji yaliyoshikamana na uso wa ganda huondoka kwenye nyuzi 120 bila shida. Yale yaliyokwisha kujifunga kikemia na silikati hayasikii joto hilo, hata ukilala nayo wiki nzima. Rodi hutoka ikiwa ya moto mkononi na bado ina maji tumboni.

Neno letu moja la “kukausha” limechangia hapa, na nadhani inafaa kulitenganisha. Mafundi huliita kukausha tendo la kuanika rodi juani juu ya bati, tendo la kuziweka kwenye oveni ya nyuzi 120, na tendo la kuzioka kwenye nyuzi 350. La kwanza halina thamani yoyote kwa rodi za E7018. La pili ni kutunza. La tatu peke yake ndilo kukausha. Katika taarifa niliyoandika nilitumia maneno “kutunza kwa joto” na “kuoka”, na nikaomba maneno hayo ndiyo yaandikwe kwenye daftari la stoo.

Ili mwenye karakana asibaki na shaka, tulifanya majaribio mawili ambayo hayakuhitaji maabara. La kwanza lilikuwa la mizani. Tulichukua rodi 20 za milimita 3.2 kutoka kontena na kuzipima: zilikuwa na gramu 720 hivi. Waya wa ndani wa rodi moja ya urefu wa milimita 350 una gramu 22, kwa hiyo ganda la rodi zote 20 lilikuwa karibu gramu 280. Tuliziokea kwenye oveni ya kiwango cha juu tuliyoazima kwa jirani, nyuzi 350 kwa saa mbili, zikapoa ndani ya kopo lililofunikwa, tukazipima tena. Zilipungua gramu 8, karibu asilimia 3 ya uzito wa ganda. Rodi mpya ya E7018 isiyo na alama ya R (herufi ya mwisho wa jina inayoonyesha ganda linalostahimili unyevu) hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.6, ambayo kwa ganda la gramu 280 haifiki gramu 2. Mizani yetu ilisoma gramu moja moja tu, na sidai usahihi wa maabara. Lakini kosa la mizani lisingeweza kuzalisha tofauti ya namna hiyo.

Jaribio la pili lilikuwa la kuchomelea vipande viwili vya pleti ileile, vikiwa na mbavu zilizobanwa kama kwenye kazi halisi, kimoja kwa rodi za kontena zilizotoka kwenye oveni ya kutunzia na kingine kwa rodi zilizookwa. Mzee alichomelea vyote viwili. Rodi za kontena zilirusha cheche zaidi na kutoa mlio mzito, naye akasema kwamba aliusikia mlio huo Alhamisi lakini akadhani ni umeme unaoyumba. Tulisubiri saa 72. Kipande cha kwanza kilikuwa na ufa wa urefu wa milimita 30 kwenye ukingo; cha pili hakikuwa na kitu, hata baada ya kukatwa na kusuguliwa tukiangalia chini ya mshono. Mwenye karakana alikigeuza kile cha kwanza mara mbili tatu, kisha akakiweka mezani kwake, na habari za muuzaji wa chuma hazikutajwa tena.

Kuhusu marekebisho sina mengi ya kueleza kwa sababu ni ya kawaida. Nyufa zilisagwa zote hadi mwisho na mwisho huo ukathibitishwa kwa dawa nyekundu. Pleti zikapashwa joto hadi nyuzi 110 kwa mwali wa gesi, tukipima kwa chaki ya joto, ile inayoyeyuka joto likifika kiwango chake, sentimita saba na nusu kutoka kwenye kiungo. Zikachomelewa kwa rodi kutoka makopo yaliyozibwa. Zikafunikwa kwa blanketi la sufu ya kioo zipoe taratibu. Na zikaachwa siku tatu kabla ya kupimwa. Kupasha joto kabla ya kuchomelea kunafaa kuelezwa kwa sentensi mbili, kwa kuwa fundi mmoja aliuliza kwa nini kusiwe ndiyo dawa pekee. Joto hupunguza kasi ya kupoa na huipa haidrojeni muda wa kutoroka, kwa hiyo husaidia. Lakini haliwezi kulipa deni la ganda lenye asilimia 3 ya maji, na kanuni zinazoruhusu joto dogo kwa E7018 zimekubali hivyo kwa sharti kwamba rodi ni kavu.

Utunzaji ndio uliochukua muda mrefu kuafikiana. Rodi zilirudishwa kwenye chumba cha matofali, juu ya chaga za mbao, mbali na kuta, na kipimo cha unyevu kikatundikwa ukutani, lengo likiwa kukaa chini ya asilimia 60. Karakana ilinunua oveni ya kuoka, ndogo, na vikopo viwili vya kubebea vyenye joto la umeme kwa ajili ya kazi za nje. Fundi huchukua rodi za kazi ya saa nne tu, kwa kuwa saa nne ndio muda ambao AWS D1.1 inaruhusu E7018 ya kawaida ikae nje. Yenye R mwishoni mwa jina lake inaruhusiwa saa tisa, kwa sababu ganda lake limejaribiwa kwa muda huo kwenye nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 80. Zinazorudi huwekwa alama ya rangi kwenye ncha na kuokwa mara moja tu. Zikirudi tena zina alama, huondolewa kwenye kazi ya miundo. Wakati wa kuoka hutolewa kwenye boksi, hutandazwa kwa tabaka chache, huanza kwenye joto lisilozidi nusu ya lile la mwisho kwa nusu saa, na saa mbili huhesabiwa kuanzia oveni inapofika nyuzi 350, siyo inapowashwa. Zile zilizolowa kwa matone ya paa, zenye unga mweupe juu ya ganda au kutu kwenye waya, hazikuokwa kabisa. Unga ule ni dalili kwamba silikati imekwisha kuharibika, na joto halirudishi kilichooza.

Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu. Mtunza stoo, kwa bidii ya mtu aliyeaibika, alikuwa ameoka kila rodi iliyokuwa stoo kwa nyuzi 350, zikiwemo E6010 za mabomba na E6013 za mageti na madirisha. Hizo za E6010 zina selulosi kwenye ganda, na huhitaji asilimia kadhaa za maji ili mwali wake uwe na nguvu ya kupenya. Zikiokwa, ganda huungua na rodi hufa. Ilibidi zitupwe. E6013 huhitaji kukaa mahali pakavu, na zikipata unyevu hukaushwa kwa joto dogo la nyuzi 100 hadi 150 kwa saa moja hivi, basi. Kosa hilo lilikuwa langu kwa sehemu: niliandika “rodi” pale nilipopaswa kuandika “rodi za E7018”, na ukurasa wa kwanza wa daftari la stoo umerekebishwa.

Jambo moja lililobaki liligunduliwa na mzee mwenyewe. Aliweka kipimajoto cha waya ndani ya oveni mpya na kukuta kwamba kitufe kikielekezwa kwenye 350, rafu ya chini inapata nyuzi 290 tu. Nyuzi hizo bado ziko ndani ya kiwango cha AWS D1.1, lakini zina upungufu wa nyuzi 60 ukilinganisha na maandishi ya boksi. Sasa rafu ya chini haitumiki, na kwenye kitufe kuna mstari wa rangi nyeupe mahali ambapo rafu ya katikati hufikia 350 kweli.